KLEIST SYKES: ASKARI ALIYERUDI VITANI AKAFUNGUA DUKA

Haya ni maneno ya mazungumzo na vijana wa barzani, Chake Chake. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ili na wewe kijana ambaye hukuwapo uyapate.



Nashukuru kwa kunialika. Mimi si mhubiri wala si mgombea. Sikuja kuomba kura. Nimekuja kukusimulieni habari za maiti mmoja. Nasema maiti kwa makusudi, kwa sababu huyu ninayemtaja amefariki mwaka 1949, na wengi wenu hata babu zenu walikuwa bado wanacheza kishada. Lakini deni lake tunalo mpaka leo.

Naanza na suali. Nani kati yenu hana ndugu Kariakoo? Nyoosheni mikono. Basi hamna hata mmoja! Nilijua. Mpemba wa siku hizi akishindwa na karafuu, hukwea meli mpaka Unguja, na Unguja ikimtupa hushuka Dar es Salaam, na Dar es Salaam kwake yeye ni Kariakoo. Atauza vitambaa, atauza simu, atauza vipuri, atalala juu ya mabelo dukani kwa ami yake mpaka naye afungue chake.

Sasa wewe unayekwenda na kurudi Kariakoo, umewahi kujiuliza lile jina limetoka wapi? Limetoka vitani. Ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa pale. Watu walikamatwa mashambani na majiani, wakabebeshwa mizigo ya jeshi, wakafa njiani kwa njaa, kuhara na malaria. Makadirio ya wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yao hufikia karibu laki moja. Soko unalotafutia riziki lina jina la wafu.

Na pale pale jirani, upande wa Gerezani, upo mtaa ambao zamani ukiitwa Kipata na sasa unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Unapita na mzigo wako kichwani, unasoma kibao, unadhani ni jina la Mzungu. Si Mzungu. Ni Mwafrika, Muislamu, mzaliwa wa Pangani, askari wa vita vile vile, na mmoja wa Waafrika wa mwanzo kabisa kusimama kama mfanyabiashara katika mji ule. Huyo ndiye maiti wangu wa leo.

MTOTO WA NG'AMBO

Pangani ni wapi? Simama pwani ya magharibi ya kisiwa hiki, tazama bara. Baina yetu na pwani ya Tanga ni mkondo mmoja wa bahari, na Pangani iko kusini kidogo ya Tanga. Wazee wetu walikuwa wakivuka kwa majahazi kwenda na kurudi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakakaa Ulaya wakakata: Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Mwingereza, pwani ya bara ikabaki kwa Mjerumani. Hakuna aliyeulizwa, si huku wala kule. Ndugu wa damu moja wakaamka wana wakubwa wawili.

Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake aliitwa Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Inhambane, Msumbiji. Nani alimleta? Hapa nakuombeni msikilize vizuri, kwa sababu mimi sipendi historia ya kupakwa chokaa. Alimleta Mjerumani, Hermann von Wissmann, mwaka 1889, pamoja na mamia ya askari wa kukodiwa, Wasudani kutoka Misri na Wazulu kutoka Msumbiji. Kuja kufanya nini? Kuja kumpiga Abushiri na watu wa mrima waliokataa kutawaliwa. Abushiri alinyongwa Pangani Disemba 1889. Kwa hivyo baba yake Kleist aliingia nchi hii kama bunduki ya mtu mwingine.

Mtu akikuambia mashujaa wetu walizaliwa wamevaa bendera ya uhuru, mwambie aende akasome tena. Walizaliwa kama mimi na wewe, ndani ya mambo yaliyokwisha kuharibika.

Simulizi za ukoo wao zinasema Sykes Mbuwane alikwenda na Wajerumani katika vita vya kumpiga Mkwawa wa Wahehe, na wakati wa kurudi akazama katika Mto Ruaha. Mtoto Kleist akawa yatima. Akalelewa na mkubwa wa wale Wazulu, aliyejulikana kwa jina la Affande Plantan, pamoja na watoto wa nyumba ile. Mmoja wa watoto wa nyumba ile, Ramadhani Mashado Plantan, alikuja kutoa gazeti la Zuhra. Kumbukeni hilo, kwa sababu huu ukoo ulikuwa na maradhi mazuri, maradhi ya kuandika.

VITA VISIVYOKUWA VYAKE

Kleist akasoma kwa Wajerumani, akajua kusoma na kuandika, kisha akaingia jeshini kama walezi wake. Mwaka 1914 vita vikaanza. Yeye kijana wa miaka 20. Umri wenu nyinyi hapa!

Huku kwetu tulikuwa chini ya Mwingereza, kule Pangani chini ya Mjerumani. Septemba 1914 manuari ya Kijerumani Königsberg ikaja mpaka bandari ya Unguja ikaipiga manuari ya Kiingereza Pegasus ikazama. Novemba mwaka huo Waingereza wakajaribu kushuka Tanga na majeshi kutoka India, wakapigwa wakakimbilia merikebuni. Fikirieni: mtu wa Pemba na mtu wa Pangani, waliokuwa wakisalimiana kwa jina baharini, sasa kila mmoja ni adui wa mwenzake kwa amri ya wafalme wawili ambao wenyewe kwa wenyewe ni jamaa.

Kleist alipigana upande wa Mjerumani, chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Jeshi lile lilirudi nyuma likipigana, likateremka mpaka Msumbiji, likapanda tena mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Silaha ziliwekwa chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Askari Waafrika zaidi ya elfu moja walikuwa bado wamo. Wengine wote walikwisha kufa, au kutekwa, au kukimbia.

Na mshahara je? Hapo ndipo penye kisa. Mjerumani alipozingirwa na meli za Kiingereza, fedha hazikuweza kuingia nchini, akachapisha noti za dharura huku huku. Vita vilipokwisha, noti zile zikawa karatasi za kufungia karanga. Na malimbikizo ya mishahara ya askari yakabaki ahadi.

Ahadi ile ililipwa lini? Sikilizeni. Von Lettow alifariki mwaka 1964, na ni mwaka huo ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoamua kuwalipa askari wale wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kuwa Mwanza walikusanyika wazee wapata 350, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti vyao. Yule wa benki akafanya nini? Akamkabidhi kila mzee fagio, akamwamrisha kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Na wazee wale, miaka 46 baada ya vita, wakafuata amri zote bila ya kukosea.

Mnacheka. Cheka, lakini ukimaliza kucheka fikiri. Mzee wa miaka sabini anasimamishwa juani kupigishwa kwata na fagio ili apewe haki yake! Wangapi walikufa wakisubiri?

Kleist alikuwa amefariki miaka 15 kabla ya siku ile. Angekaa barzani akisubiri Mjerumani amlipe, angekufa barzani.

DUKA

Basi alifanya nini? Alirudi, akatazama dunia. Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaja, nchi imebadilishwa jina, inaitwa Tanganyika. Akaingia kazini katika Reli. Akafanya kazi miaka mingi, na kazini hakuwa mtu wa kulala. Pembeni ya kazi akaanza biashara, kidogo kidogo, na mwaka 1942 alipoacha kazi ya Reli akawa mfanyabiashara kamili.

Nyinyi mtasema: duka, kwani duka ni ajabu? Leo si ajabu. Zama zile lilikuwa ajabu, na nitakwambieni kwa nini, maana wengine hudhani Mwafrika hakuwa na duka kwa uvivu.

Katika miaka ya 1920 na 1930 Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wale walioitwa wenyeji. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara asiyekuwa Mwafrika akimkopesha Mwafrika mali, hawezi kumdai mahakamani ila awe amepata kibali cha serikali. Serikali ikisema inamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Maneno matamu! Lakini kila mwenye duka hapa anajua biashara inakwendaje. Unachukua mzigo kwa tajiri leo, unauza, unalipa mwisho wa mwezi, unachukua mwengine. Bila ya mali kauli hakuna duka dogo hata moja linalosimama Kariakoo, wala Darajani, wala hapa Chake. Sasa kama tajiri anajua hawezi kukudai mahakamani, atakupa mzigo? Hakupi! Kwa hivyo Mwafrika aliyetaka duka alibidi awe na taslimu mkononi, na taslimu ataipata wapi ikiwa mshahara wake ni wa Mwafrika?

Ndiyo maana wenye maduka Waafrika katika mji ule walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Alikuwapo Kleist. Alikuwapo Erika Fiah, mtu wa Uganda, ambaye naye alikuwa na duka, akaanzisha chama cha Waafrika cha maslahi na biashara mwaka 1934, na mwaka 1937 akatoa gazeti lake, Kwetu. Mnaona? Kila aliyefungua duka, mkono mmoja uko kwenye mizani na mkono wa pili uko kwenye kalamu au kwenye chama. Haikuwa bahati.

CHAMA

Mwaka 1924 alipita Dar es Salaam msomi mmoja Mwafrika kutoka Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast, jina lake Dokta James Aggrey. Alikuja na tume ya Wamarekani iliyokuwa ikichunguza elimu. Kleist alikutana naye, na Aggrey akampa nasaha: undeni umoja wa Waafrika. Neno lile halikuanguka chini. Mwaka 1929 ikaundwa African Association. Rais wa mwanzo Cecil Matola, mwalimu. Katibu, Kleist Sykes. Angalieni vizuri: rais Mkristo, katibu Muislamu, na hakuna aliyeuliza mwenzake anasali wapi. Na mwaka 1933 Kleist huyo huyo akawa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama cha kuwasomesha watoto wa Kiislamu. Hakuona kuwa kimoja kinakifuta kingine.

Jengo la African Association likasimama New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Chama kikaenea, na kikavuka bahari. Mwaka 1934 Unguja nako kukawa na African Association, ambayo mwaka 1957 ilikutana na Shirazi Association ikawa Afro-Shirazi Party. Mambo ya huko mbele, nani alibaki na nani alitoka, na jinsi Mpemba Mohammed Shamte na wenzake walivyounda ZPPP mwaka 1959, hiyo ni barza ya siku nyengine. Leo nataka mjue tu kwamba mti ule ulipandwa na watu gani.

Bara, African Association ikabadili jina mwaka 1948 ikawa TAA. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya New Street, ikazaliwa TANU. Na kati ya waliokuwamo ndani siku ile ni watoto wawili wa Kleist, Abdulwahid na Ally. Wote wawili walikuwa askari wa zamani kama baba yao. Walikwenda Burma na jeshi la KAR katika Vita vya Pili, katika misitu ya mvua na ruba, kupigana na Mjapani kwa ajili ya Mwingereza. Kadi namba 1 ya TANU ni ya Nyerere. Namba 2 ni ya Ally Sykes. Namba 3 ni ya Abdulwahid.

Babu kapigana kwa Mjerumani dhidi ya Abushiri. Baba kapigana kwa Mjerumani dhidi ya Mwingereza. Watoto wakapigana kwa Mwingereza dhidi ya Mjapani. Vizazi vitatu vya bunduki ya mtu mwengine! Mpaka pale New Street ndipo walipopigania lao wenyewe, na mara hii bila ya bunduki.

Kleist hakuiona siku ile. Alifariki mwaka 1949, umri wake miaka 55 hivi, miaka mitano kabla ya TANU na miaka 12 kabla ya uhuru wa Tanganyika. Alikufa raia wa daraja la tatu katika nchi yake. Kofia ya utawala hakuivaa, na wala hakuna mizinga iliyopigwa siku ya maziko yake. Aliacha duka, aliacha chama, aliacha watoto waliosoma. Abdulwahid naye alifariki mwaka 1968, hata miaka 45 hajatimiza. Ally akaishi mpaka Mei 2013, akafariki na miaka 86.

MAMBO MATATU YA KUONDOKA NAYO

Sasa mtaniuliza: Mzee, sisi vijana wa Pemba, habari za Mzulu wa Pangani zinatuhusu nini? Zinakuhusuni mambo matatu.

La kwanza. Mtu ambaye chakula chake kinatoka mkononi mwa mkubwa, mdomo wake ni wa mkubwa. Agosti 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasiwe wanachama wa TAA. Walijua wanachofanya! Wasomi karibu wote walikuwa watumishi wa serikali. Kwa karatasi moja, chama kikaondolewa vichwa. Nani walibaki na uhuru wa kusema mchana kweupe? Wenye biashara zao. Mfanyabiashara kama John Rupia hakuwa na bosi wa kumwandikia barua, naye akawa makamu wa rais wa TANU na mfuko wake ukafunguka. Duka la Kleist miaka 20 kabla lilikuwa limekwisha kuonyesha njia ile.

Sisi Wapemba tungepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wote. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, cha Pemba kikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zinatoka hapa. Mali tulikuwa nayo. Lakini mnunuzi je? Mwaka 1937 Mwingereza aliikabidhi biashara ya karafuu kwa chama kimoja tu, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma mpaka sheria ikalegezwa mwaka uliofuata. Baada ya Mapinduzi ikawa mnunuzi ni mmoja, shirika la serikali, na kwa miaka mingi mkulima akapewa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Aliyepakia dau kuelekea Shimoni aliitwa mhujumu. Wako wazee wa kisiwa hiki waliofungwa kwa gunia la karafuu walizozipanda na kuzichuma wenyewe! Baadaye serikali yenyewe ikaja kuahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Vizuri. Lakini kwani ile hesabu haikujulikana tangu zamani?

Silalamiki. Nakuonyesheni kamba. Mwenye mkarafuu, mnunuzi mmoja, na mnunuzi ndiye mwenye mahakama: huyo mwenye mkarafuu atasema nini? Ndiyo maana biashara ilipofunguliwa Zanzibar mwaka 1984, kijana wa Kipemba aliikimbilia kama mwenye kiu. Watu wanasema Mpemba anapenda pesa. Uongo! Mpemba alikuwa anatafuta pa kusimama bila ya kupiga magoti.

La pili. Biashara peke yake haitoshi. Kleist angeweza kufunga mlango wa duka lake akahesabu senti zake, akaoa, akajenga, akalala. Wapo waliofanya hivyo. Wako wapi? Hakuna anayewajua. Mtaa haukuitwa Kleist Sykes kwa sababu ya duka. Umeitwa kwa sababu jioni akifunga duka alikwenda chamani kuandika barua na kumbukumbu za mikutano. Ukatibu, wanangu, si kazi ya sifa. Rais anapigiwa makofi, katibu anabaki na wino vidoleni. Lakini bila ya katibu hakuna chama, kuna gumzo tu. Nyinyi hapa kila mmoja anataka kuwa mwenyekiti. Katibu wenu nani? Daftari liko wapi?

La tatu, na hili ndilo lililonileta. Kleist aliandika. Aliandika habari za maisha yake kwa mkono wake: alikotoka baba yake, vita, Reli, chama. Makaratasi yakabaki katika familia. Mjukuu wake, Daisy Sykes, alipokuwa mwanafunzi akayatumia kuandika maisha ya babu yake, yakachapishwa mwaka 1973 katika kitabu cha habari za Watanzania alichokihariri mwanahistoria John Iliffe. Bila ya makaratasi yale, mimi leo nisingekuwa na la kukuambieni. Kibao cha mtaa kingebaki jina la Mzungu.

Nataka nikwambieni kisa kimoja, kisha nikae kitako.

Mtaani kwetu nilikolelewa, Wete, alikuwapo mzee mmoja akiuza mikate ya kumimina mlangoni pake. Jina simtaji, wanawe wapo. Sisi watoto tukimwita Babu Boma, kwa sababu akisema alikuwa Boma na hatukujua Boma ni wapi. Tukidhani ni boma la serikali. Tukimcheka, tukipiga saluti mbele yake, naye akitujibu saluti, kisha akitupa kipande cha mkate. Mguu wake mmoja ulikuwa haukunjiki. Kila mwezi akenda ofisi moja na karatasi zake kuuliza habari za malipo yake, na kila mwezi akirudi akisema, "Wamesema mwezi ujao." Hakuwahi kugomba.

Alipofariki mimi nilikuwa na miaka kama 18, nilikuwa nimekwisha kujua Burma ni nchi na iko wapi. Siku ya hitma nikamuuliza mwanawe: lile sanduku la bati la mzee liko wapi? Akaniambia, "Tumelitoa karatasi tumezichoma, zilikuwa na mchwa. Sanduku tunatilia unga."

Zile medali mbili, mtoto mmoja alizifunga uzi akazifanya magurudumu ya kigari.

Siwalaumu. Najilaumu mimi. Nilikula mikate yake miaka kumi, na sikumuuliza hata siku moja: Babu, ulivuka mto gani? Mwenzako nani alikufa? Walikupa ahadi gani ulipotia dole gumba? Nilikuwa na daftari la skuli na kalamu mfukoni. Nilipiga saluti nikachukua mkate nikaenda zangu.

Mwingereza aliwachukua watu wa Afrika Mashariki laki tatu na zaidi katika vita vile, na wa visiwani walikuwamo. Wangapi wameandikwa? Mjerumani, pamoja na ukorofi wake, alikuja na fagio baada ya miaka 46 akauliza: nani alikuwa askari? Sisi hata fagio hatukuja nalo.

Sasa askari wa Burma wamekwisha. Lakini hawakwisha wazee. Yupo aliyefungwa kwa karafuu. Yupo aliyevuka kwa dau usiku kwenda Mombasa. Yupo aliyefungua duka la mwanzo la mtaa wenu, lenye pipa moja la mafuta ya taa na kibaba. Yupo mama aliyesomesha watoto wanane kwa kuuza ukili. Wako hai, wamekaa hapo nje ya nyumba zenu wamejifunika shuka. Na nyinyi mna simu mikononi zinazorekodi sauti saa nzima, mnazitumia kusikilizia mpira.

Kwa hivyo sikuombeni kura, nakuombeni kitu kimoja. Usiku huu, kabla hujalala, mwende mzee mmoja. Si lazima awe babu yako. Muamkie kwa adabu, mkalie chini, umuulize: ulikula nini mwaka ule wa shida, na nani alikukopesha? Anza na hilo tu, mengine yatakuja yenyewe. Andika na jina lake kamili, na jina la baba yake, na tarehe.

Na wewe unayefungua duka Kariakoo, siku moja pita Gerezani, usimame chini ya kile kibao. Humo hapana kaburi wala hapana sanamu, ni mtaa kama mitaa mengine, una vumbi na kelele. Msomee Fatiha. Kisha rudi dukani kwako ufungue daftari, na nyuma ya hesabu za madeni uandike ukurasa mmoja: mimi ni fulani bin fulani, nimetoka Pemba mwaka fulani, na sababu iliyonitoa ni hii.

Nimemaliza. Mwenye suali aulize, na mwenye kalamu aandike.